Mjukuu wa mlimani na homa ya bondeni

Tanga. Simu ililia saa nane usiku katika nyumba ya bati iliyo kwenye mteremko, si mbali na mashamba ya chai, huko Amani wilayani Muheza. Bibi wa miaka 67 aliipokea akiwa bado amejifunika blanketi. Upande wa pili alikuwa binti yake, akilia, akiwa Makorora jijini Tanga.

"Mama, mtoto anakakamaa. Macho yamegeuka juu."

Nyuma ya sauti hiyo ilisikika sauti nyingine, ya jirani, ikisisitiza kwamba hilo ni degedege, si la hospitali, na kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa. Alikuwa anamfahamu mtu mtaa wa pili, wa kumfukiza na kumfunga dawa.

Bibi hakuuliza mengi.

"Mpeleke hospitali sasa hivi. Usingoje kuche. Na huyo mwenzio mwambie ni mimi niliyesema."

Jibu hilo hakulipata darasani, maana aliishia darasa la nne. Alilipata kwa marehemu mumewe, ambaye kwa zaidi ya miaka 20 kazi yake ilikuwa kufuga mbu.

Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka minne na nusu. Alipandishwa mlimani akiwa na mwaka mmoja na miezi miwili, mama yake alipopata nafasi ya kushona kwenye duka la nguo Ngamiani. Baba ni dereva wa lori, leo analala Dar es Salaam, kesho Namanga. Chumba kilikuwa kimoja, mlezi wa nyumbani hapatikani kwa mshahara wa fundi cherehani, na bibi alikuwa peke yake na ng'ombe mmoja. Wazazi wengi wanaujua mpango wa namna hii, na hakuna sababu ya kuwasema. Unaanza kama jambo la miezi mitatu.

Huko juu alikua vizuri. Alikunywa maziwa, alikula magimbi na ndizi, alipata mafua na mara moja akajikata mguu kwa jembe. Homa kali hakuwahi kuipata. Mama yake, kila alipopanda kumwona, alirudi mjini akiwasimulia wenzake kwenye cherehani kwamba mwanawe ana afya ya chuma.

Januari alitakiwa kuanza darasa la awali, na shule ingekuwa ya mjini. Kwa hiyo Juni, shule zilipofungwa, mama alikwenda kumchukua akae wiki nne Tanga, ajizoeshe joto na majirani, kisha arudi kwa bibi hadi Desemba. Lilionekana wazo la busara. Kwa jambo la shule, lilikuwa la busara kweli.

Safari ya chini ya saa tatu

Ukisimama Tanga asubuhi isiyo na mawingu na kutazama magharibi, unauona mlima. Watu wa mjini husema "kule Amani" kana kwamba ni kilima kimoja, lakini ni safu nzima, Usambara Mashariki, iliyotengwa na ndugu yake Usambara Magharibi, ile ya Lushoto, na bonde la mto Lwengera. Zote mbili ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa, kusini mwa Tanzania.

Kutoka bahari hadi miguu ya mlima ni kama kilomita 40 tu. Upepo wa Bahari ya Hindi unakuja umebeba maji, unagonga ukuta huo, unapanda, unapoa, unayamwaga. Ndiyo maana Amani hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na ndiyo maana kuna msitu pale na mito inayotoka ndani yake. Kituo cha Amani kiko mita zipatazo 900 juu ya usawa wa bahari. Wastani wa joto ni nyuzi 20 hivi, wakati Tanga ni kama nyuzi 26.

Tofauti ya nyuzi sita. Kwa mtu ni suala la kuvaa sweta au kulivua. Kwa kimelea cha malaria ni suala la kuishi au kufa.

Mbu akimuuma mgonjwa na kufyonza vimelea, hawezi kumwambukiza mtu mwingine papo hapo. Vimelea vinahitaji muda wa kupevuka ndani ya mwili wa mbu, na muda huo unategemea joto. Kwenye joto la Tanga ni siku 10 hadi 12. Kwenye nyuzi 20 muda unavutika hadi wiki tatu au nne, na mbu wengi hawafikishi umri huo. Joto likishuka chini ya nyuzi 16, kimelea kilicho hatari zaidi kati ya vyote hakipevuki kabisa.

Babu alikuwa na namna yake ya kulieleza hili, ambayo bibi bado anairudia: huku juu mbu anakufa kabla chungu hakijaiva.

Kwa hiyo basi lililomshusha mtoto siku ile, likapiga kona za Amani, likapita Kisiwani, likavuka Muheza na kuingia Tanga, lilimhamisha kutoka mahali ambapo malaria ni mgeni hadi mahali ambapo ni mwenyeji. Mkononi alikuwa na kifuko cha iliki alichopewa na bibi ampelekee baba.

Wahenga walijua

Kuna jambo moja katika historia ya milima hii ambalo lilistahili kuandikwa kwenye kila kadi ya kliniki mkoani Tanga.

Mwaka 1898 Robert Koch, daktari wa Kijerumani aliyegundua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, alikuwa katika nchi hii akichunguza homa. Alipofika Usambara, aliwakuta watu wa mlimani wakimweleza kwamba hawaugui wakiwa kwao, bali wakishuka bondeni. Ugonjwa walioupata huko waliuita mbu. Mdudu naye wakimwita mbu. Walisema huko chini kuna wadudu hao, wanauma, ndipo mtu anaugua.

Ni mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu Ronald Ross, akiwa India, aone vimelea vya malaria kwenye tumbo la mbu, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1902. Washambaa hawakuwa na hadubini. Walikuwa na mlima, na macho ya kuona nani anarudi kutoka bondeni akitetemeka.

Elimu hiyo ilipotelea wapi? Mama wa mtoto huyu ni Mshambaa, mzaliwa wa hapo hapo Amani. Mwenyewe alipohamia Tanga baada ya kumaliza kidato cha nne alilazwa siku nne, na hata hiyo aliisahau hadi alipokumbushwa wodini. Mjini homa imekuwa kitu cha kawaida mno. Mtu anasema "nina kamalaria" kama anavyosema ana kamafua.

Mlima uliogeuzwa maabara

Wajerumani waliipenda Amani kwa sababu zao. Walowezi wa kwanza, miaka ya 1890, walifyeka msitu wapande kahawa, wakaamini kwamba ardhi yenye miti mikubwa namna ile lazima ina rutuba. Haikuwa hivyo. Rutuba ilikuwa kwenye miti na majani yanayooza juu, udongo wenyewe ni chachu, na kahawa ilidorora. Pesa zikahamia kwenye mkonge bondeni, na reli ya Tanga, iliyokuwa imefika Muheza mwaka 1896, ikapata mzigo wa kubeba.

Huko juu, mwaka 1902, serikali ya kikoloni ilianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe. Walipanda miti ya kila pembe ya dunia wapate kujua nini kitashika: mikarafuu, midalasini, kafuri, mpira, na mkwinini, mti wa Amerika ya Kusini ambao gome lake chungu linatoa kwinini, dawa pekee ya maana ya malaria kwa wakati ule.

Kisha ikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Novemba 1914 Waingereza walijaribu kuitwaa Tanga wakashindwa, lakini meli zao ziliendelea kuziba pwani, na dawa kutoka Ulaya ikakatika. Magome ya mkwinini ya Amani yakawa mali. Wanajeshi wa Jenerali Lettow-Vorbeck waliokosa vidonge walichemsha magome na kunywa maji yake, kinywaji kichungu kiasi kwamba walikitania kwa jina la pombe ya mkuu wao. Ni mlima ule ule. Juu kuna dawa, chini kuna ugonjwa.

Miaka kumi kabla ya taasisi, mwaka 1892, mkuu wa wilaya ya Tanga wa wakati huo, Walter von Saint Paul-Illaire, alitoa huku ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli, akatuma mbegu kwao Ujerumani. Leo ua hilo liko madirishani mwa nyumba nyingi za Ulaya na Marekani. Wakazi wengi wa Tanga hawajawahi kuliona, wala kusikia kwamba ni la kwao.

Waingereza waliichukua taasisi na kuiendeleza kwa kilimo, hadi shughuli hizo zilipohamishiwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1940. Majengo hayakukaa bure. Mwaka 1949 kilianzishwa kitengo cha malaria cha Afrika Mashariki pale Muheza, na muda mfupi baadaye kikapanda Amani. Sababu inaweza kumchekesha mtu: watafiti wa malaria walitaka kulala mahali pasipo na malaria. Asubuhi walishuka bondeni kukusanya mbu na damu, jioni wakarudi kwenye baridi.

Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani kuvunjika mwaka 1977, kituo kikawa chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Hapo ndipo babu alipokuwa kazini. Alianza kama kibarua wa kufyeka nyasi, akaishia kwenye chumba chenye vizimba vya chandarua, akiwalisha mbu maji ya sukari na damu, akihesabu mayai, akihakikisha joto la chumba halibadiliki. Kijijini walimtania kwamba watu wanafuga kuku, yeye anafuga mbu na analipwa mshahara.

Usiku, bibi anakumbuka, alikuwa akisimulia ya kazini. Kwamba miaka ya 1980 walijengwa vibanda vya majaribio Muheza, watu wakalala humo ndani ya vyandarua vilivyochovywa dawa, na asubuhi wakahesabiwa mbu waliokufa na waliotoroka. Chandarua chenye dawa ambacho leo mjamzito anapewa kliniki, na mwanafunzi anapewa shuleni, kina deni kwa vibanda vile. Kwamba miaka ya 1990 walipimwa watoto wa vijiji vya bondeni na vya mlimani, na kadiri mtu alivyopanda ndivyo vimelea na upungufu wa damu ulivyopungua.

Na kwamba mtoto wa mlimani akishuka hana ngao.

Hilo ndilo wazazi wengi hawalijui. Mtoto aliyezaliwa Muheza au Tanga huumwa na mbu wenye vimelea tangu akiwa mchanga. Wengine hupona kwa shida, na wapo wasiopona. Lakini anayevuka mwili wake unajifunza taratibu, na akifika miaka mitano hivi malaria ikimpata mara nyingi haimwangushi kwa kishindo. Kinga hiyo si kamili, na hudhoofika mtu akikaa miaka mbali na ugonjwa. Mtoto wa mlimani hana hata hiyo. "Afya ya chuma" ya mjukuu huyu ilikuwa afya ya mtu ambaye hajawahi kupigwa.

Siku kumi na mbili

Wiki ya kwanza mjini ilikwenda vizuri. Mtoto aliona bahari, alikula samaki wa kukaanga, aliogopa bajaji kisha akazipenda. Mama alikuwa amenunua chandarua na kukining'iniza juu ya kitanda, na kwa hilo apewe haki yake. Tatizo ni kwamba mtoto hakuwahi kulala ndani ya kitu kama hicho. Alisema anabanwa. Mwezi Juni mvua za masika zinakuwa zimeacha madimbwi kila mahali, na nyumba za Makorora zina joto usiku, kwa hiyo familia hukaa barazani hadi saa nne. Yeye alilala hapo mkekani, na alipoingizwa ndani alikisukuma chandarua kwa miguu hadi kikachomoka.

Siku ya 12 aliamka amechoka, hataki uji. Mwili ulikuwa wa moto. Mama akampa dawa ya kushusha homa, ikashuka, akaenda kazini. Jioni ikapanda. Jirani akasema mtoto anabadilisha hewa, wa baridi akija kwenye joto lazima apate homa kidogo. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo, na akatapika mara mbili.

Siku mbili. Mama anazihesabu hadi leo. Kituo cha afya kiko umbali wa kutembea kwa miguu. Kipimo cha haraka cha malaria ni tone moja la damu kidoleni na majibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Kama angepimwa siku ya kwanza, pengine yangeishia kwenye dawa mseto, dozi sita ndani ya siku tatu, zikimezwa na chakula au maziwa. Anaposhonwa na mawazo hayo, hufanya kazi haraka haraka asipate nafasi ya kuwaza.

Usiku wa kuamkia siku ya tatu ndipo simu ilipolia mlimani.

Degedege lina jina baya katika mitaa mingi ya pwani. Wapo wanaolihusisha na ndege anayepita usiku juu ya paa, wapo wanaosema ni shetani, na ule mkanganyiko wa sindano kumuua mtoto una chanzo kinachoeleweka: watoto wengi waliletwa hospitali wamechelewa, wakachomwa sindano, wakafariki, na watu wakakumbuka sindano badala ya siku zilizopotea. Kitaalamu, mtoto mwenye homa anayekakamaa, kupoteza fahamu, kutapika kila kitu, kushindwa kunyonya au kunywa, kupumua kwa shida au kupauka viganja, hiyo ni dharura, hata kama ni saa nane usiku na hakuna hela.

Mama alimwita dereva wa bajaji wa mtaani. Hospitali walimpima, wakamwekea dripu, wakamchoma artesunate, dawa ya sindano ya malaria kali. Damu ilikuwa imeshuka. Alihitaji kuongezewa, na ndugu wakaombwa wajitolee kufidia akiba. Baba alikuwa Arusha na lori. Aliyekwenda kutoa damu asubuhi ile ni mume wa jirani yule yule. Mkewe alikaa nje ya maabara na kanga yake, hajasema neno.

"Maji mmechukua"

Bibi alishuka na basi la kwanza. Aliingia wodini na ndoo ndogo ya plastiki yenye maziwa, akapokea shikamoo ya binti yake bila kumtazama, akaketi kitandani. Mtoto alikuwa amelala, anapumua vizuri. Hapo ndipo yalipotoka.

"Mbao mmechukua, maji mmechukua. Sasa mnanichukulia na mtoto, mnamleta hivi."

Ni maneno ya hasira, lakini kila neno lina historia yake.

Mbao: Wajerumani walijenga hadi reli nyembamba kutoka Tengeni, karibu na Muheza, hadi Zigi, ifuate magogo. Nyumba ya mkuu wa stesheni ipo hadi leo, ndimo ilimo ofisi ya kupokea wageni wa hifadhi. Miaka ya 1970 na 1980 misumeno ya mashine ilirudi kwa nguvu, na bibi anakumbuka malori yakishuka usiku na mchana hadi ukataji huo ulipozuiwa. Alikuwa mama mdogo wakati ule, na aliona mashamba na makazi yakiingia palipokuwa na kivuli. Mbu anayeeneza malaria anapenda dimbwi linalopigwa na jua, si maji yaliyofunikwa na miti. Mwaka 1987 watafiti wa Amani wenyewe walichapisha matokeo kwamba malaria ilikuwa imepanda mlimani, tofauti na miaka ya nyuma. Kwa hiyo hata huo ugeni wa malaria kule juu si wa kuutegemea.

Mwaka 1997 ilitangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, ya kwanza ya aina yake nchini, yenye hekta zaidi ya 8,300. Baadhi ya wakulima waliokuwa na iliki chini ya miti kwenye ushoroba wa Derema waliondolewa kwa fidia, na ukitaka kuharibu mazungumzo kijijini, uliza kama fidia ile ilitosha. Wengine waligeukia ufugaji wa vipepeo, wakauza mabuu nje ya nchi, hadi usafirishaji wa wanyamapori hai ulipopigwa marufuku mwaka 2016.

Maji: Tanga inakunywa mto Zigi. Mto huo unakusanya vijito vya Usambara Mashariki, unashuka, na unazuiwa kwenye bwawa la Mabayani kabla ya kuingia kwenye mabomba ya jiji. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Bibi alikuwa na magimbi ndani ya mita hizo, palipokuwa panalisha nyumba yake wakati wa njaa. Aliyang'oa, akapanda miti aliyopewa. Mamlaka ya maji ya Tanga inafanya kazi na umoja wa wakulima wa bonde la Zigi katika kutunza kingo, na mwaka 2024 iliuza hatifungani ya kijani ya Sh53.12 bilioni kugharamia miradi yake, jambo lililoandikwa sana magazetini. Yeye alilisikia redioni akiwa anakamua ng'ombe.

Binti alimjibu kwa sauti ya chini, maana wodi ilikuwa imejaa. Alisema mtoto ni wake, na kwamba yeye hakuchukua mbao wala maji, alikuwa akitafuta hela ya sare.

Kisha akauliza, bila ukali: "Mama, kile chandarua nilichokuletea mwaka juzi kiko wapi?"

Bibi alinyamaza. Kilikuwa sandukuni, ndani ya mfuko wake, hakijafunguliwa. Mjane wa mfuga mbu aliamini kwamba mlimani hakuna haja, na kwa hiyo mtoto hakujifunza kulala ndani yake. Alikubali kosa hilo kwa namna yake. Alichukua kikombe, akamimina maziwa, akampa binti yake anywe kwanza.

Mtoto aliruhusiwa siku ya sita, amekonda, na karatasi ya kurudi kupimwa damu baada ya wiki mbili. Hakupandishwa mlimani mara moja. Bibi alitaka kuondoka naye siku hiyo hiyo, daktari akataka awe karibu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile mama na bibi wakawa upande mmoja, wakimsikiliza daktari kwa uso ule ule wa wasiwasi.

Suala la Januari lilizungumzwa kwa simu miezi yote iliyofuata, mara likakaribia kuwa ugomvi, mara likaachwa. Baba alipendekeza mtoto asome Amani hadi darasa la pili. Mama akakataa. Bibi, ambaye kila mtu alidhani angeshangilia, alisema mtoto akichelewa kushuka atakuja kushuka siku moja tu, na siku hiyo bondeni patakuwa pale pale. Alichotaka ni masharti. Kuanzia Julai mjukuu alilala ndani ya chandarua kule kule mlimani, kwenye baridi, hadi akazoea na kuanza kumkemea bibi akikiacha wazi. Na siku ya kwenda Tanga, bibi angemleta mwenyewe na kukaa naye mwezi mmoja.

Walishuka wiki ya kwanza ya Januari na mabegi mawili, na mfuko wa viazi vikuu ambao kondakta alitaka ulipiwe nauli. Ulilipiwa. Barazani Makorora jirani alimpokea bibi mzigo, akampa kiti, wakaulizana hali za watoto kwa muda mrefu, na la Juni hakuna aliyeligusa.

Usiku wa kwanza joto lilimkosesha bibi usingizi. Feni ilizunguka bila faida. Saa nane aliwasha tochi ya simu, akamulika kitanda cha mtoto, akazunguka kona moja baada ya nyingine. Ya miguuni ilikuwa imechomoka. Akaichomeka chini ya godoro, akapitisha mkono mara ya pili kuhakikisha, kisha akarudi kitandani kwake na kuingia ndani ya chandarua chake.